Karatasi Inasema Wapo Wawili

Walimwita Mama Dodoso, na jina lenyewe hakulichukia. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amebisha hodi kwenye milango ya watu, mkoba wa turubai begani, kalamu mbili mfukoni, akiuliza mambo ambayo hata mkwe haulizwi: Mnalala wangapi humu? Choo chenu kiko wapi? Mwezi uliopita mlilala na njaa siku ngapi? Alianza na sensa, akaenda kwenye chanjo, akaenda kwenye bei za unga. Sasa alikuwa na miaka hamsini na miwili, magoti yanamlalamikia kila akipanda ngazi, na kitu alichokuwa akikiulizia kilikuwa mauaji.

Kazi hiyo ilikuwa ya Kitengo. Kitengo kilikuwa na jina refu lililoishia na maneno "usalama wa taifa", kwa hiyo watu walilikatisha njiani wakanyamaza. Kilikaa ghorofa ya tatu ya jengo kuukuu la posta. Ndani yake walikuwemo Mchumi, Mtaalamu wa Jamii ambaye alikuwa mama mtu mzima mwenye kikohozi kisichoisha, daktari wa akili aliyekuja mara mbili kwa wiki, na Profesa, mwanahesabu, ambaye peke yake ndiye aliyeelewana na mashine. Elimu zao zote walizitia kwenye chungu kimoja: bei ya unga, nani kaoa kwa nani, nani kaachishwa kazi, nani hasalimiani na nani. Mashine ikishakula hayo, kila Ijumaa ilitoa ramani ya mji yenye madoa mekundu na ya njano, na wakubwa waliitazama kabla ya kuamua askari wapelekwe wapi. Wasomi wale waligombana kutwa nzima. Lakini chakula cha mashine kilitoka kwenye mkoba wa Mama Dodoso, na wote walilijua hilo.

Mji ulikuwa umekatwa vipande viwili na reli. Tangu soko lichomwe, miezi minne nyuma, watu wa juu ya reli na watu wa chini ya reli walikuwa wakiuana mchana kweupe, kwa kuwa usiku kulikuwa na doria. Mama Dodoso alikuwa mtu wa chini. Juu walimpokea kwa sababu ya mvi zake, na kwa sababu ndiye aliyewaandikisha watoto wao chanjo. Huko chini aliishi na mama yake mzazi, ambaye miguu ilikuwa imemgomea, na mdogo wake wa mwisho, kinyozi wa miaka thelathini na mmoja aliyemlea mwenyewe kama mtoto wa kumzaa.

Mke wa kinyozi alikuwa akiuza mikate. Wiki ya pili ya vurugu, vijana wa juu walirusha chupa ya petroli ndani ya duka la mikate, kisha wakaushikilia mlango kwa nje. Alikufa siku ya tatu wodini, ngozi ya mgongo imebaki kwenye shuka. Tangu hapo kinyozi akawa anafungua banda lake saa nne badala ya saa moja, na hakuna aliyethubutu kumlaumu.

Jumatano moja, saa nane mchana, simu ya Kitengo ikalia. Nyumba namba sabini na moja, juu ya reli.

Mama Dodoso alifika damu haijakauka. Namba ilikuwa imechorwa kwa rangi ya bluu juu ya mlango, kazi ya Kitengo, kama ilivyochorwa kwenye kila nyumba ya mtaa ule. Mlango wenyewe ulikuwa umepasuliwa kwa shoka. Fundi saa mstaafu, mzee wa miaka sabini na minne, alikuwa sakafuni katikati ya saa zake, na mkono wake wa kulia ulikuwa hatua mbili kutoka alipolala. Ule wa kushoto walikuwa wameukata vidole tu, kimoja kimoja. Shingo waliimalizia mwisho. Mama Dodoso alisimama pale, akahesabu alichotakiwa kuhesabu, akatoka nje akatapika mferejini, akafuta mdomo, akarudi kuandika.

Mke wa fundi saa alikuwa amepona kwa bahati. Alimkuta wodini, bandeji kutoka begani hadi kiganjani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuuliza?"

"Nimekuja kuuliza. Ukichoka niambie."

"Nimeshachoka. We uliza."

Walikuwa watano, bibi alisema, wamefunga vitambaa usoni. Hawakuiba hata kijiko. Walipitiliza mpaka chumba cha nyuma, wakapindua kitanda, wakatoka wamefura kwa hasira.

"Wakamwambia mume wangu, vijana wako wapi? Akasema sina vijana, nina binti mmoja, kaolewa mbali. Wakakata kidole. Vijana wako wapi? Sina. Wakakata kingine. Nikawaambia jamani, humu kuna wazee wawili na paka! Mmoja akanipiga panga la mkono, akapayuka, 'Karatasi inasema wapo wawili! Karatasi inasema wanalala mchana!'" Bibi akamkazia macho Mama Dodoso. "Karatasi gani hiyo, mwanangu?"

Kalamu ilisimama. Mama Dodoso alikuwa anawajua vijana wawili wanaolala mchana. Walikuwa ndugu, walinzi wa usiku kwenye ghala la saruji, wanaishi na mama yao nyumba namba kumi na saba, mtaa ule ule. Alikuwa amewaandika kwa mkono wake siku tisa nyuma, wakipiga miayo, mmoja akimtania kwamba kama Kitengo kinataka kujua anaota nini alipie.

"Sijui, mama," alisema.

Ijumaa, kwenye kikao, Profesa alikuwa hatulii kitini. Aliwasha ukuta mzima kwa ramani yake, akazungushia nyumba kumi na mbili zilizovamiwa juu ya reli tangu vurugu zianze.

"Kumi na moja kati ya hizi," alisema, "kwa daftari la ziara la Mama Dodoso, tulikuwa tumezipitia na dodoso la kaya siku tisa, kumi hivi, kabla ya kuvamiwa. Kumi na moja! Iliyokosea ni moja tu, hii sabini na moja ya juzi. Jamani, dodoso letu linanusa kifo!"

Mchumi akasema hilo halina ajabu, dodoso linapelekwa kwenye nyumba za kima cha chini, na watu wa kima cha chini ndio wanaokatwa. Mtaalamu wa Jamii akakohoa, akasema hapana, watu wanaadhibiwa kwa kuongea na serikali. Daktari wa akili akaleta lake, refu, kuhusu hofu. Wakavutana nusu saa.

"Sababu mtatafuta nyie," Profesa akawakata kauli. "Mimi nina asilimia tisini na mbili."

Watu wanne wenye vyeti vya kujaza ukuta, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza swali ambalo mlinzi wa getini angeliuliza kabla hajamaliza chai yake: karatasi hizo, mbali na sisi, nani mwingine anazisoma? Walikuwa wamefurahi mno kupatia. Mtu aliyepatia haulizi amepatiaje.

Mkuu wa Kitengo, afisa mstaafu asiyependa maneno mengi, aliuliza kitu kimoja tu. "Na hao wavamizi tukiwapata?"

"Usimkamate mmoja," Profesa akajibu. "Mashine inaonyesha ni kundi moja dogo. Ukimgusa mmoja, wengine wanatawanyika, wanajipanga upya, na vifo vinaongezeka. Wanaswe wote kwa pamoja."

Mama Dodoso aliyasikia hayo akiwa kwenye kiti cha nyuma, karibu na mlango. Kikao kilipoisha alikwenda chumba cha majalada, akajifungia.

Hapa lazima isemwe kosa lake, maana mwenyewe hakulificha baadaye. Sheria ilikuwa dodoso halitoki ndani ya jengo. Lakini karatasi zinalowa kwa mvua, zinachafuka kwa jasho, na msichana wa kuingiza taarifa kwenye mashine alikuwa anazirudisha zile zisizosomeka. Basi kila Jumamosi Mama Dodoso alizibeba zile chafu nyumbani, na mdogo wake, ambaye mwandiko wake ulikuwa wa kuandikia barua za posa, alimnakilia upya. Aliona ni kheri. Mtu aliyefiwa apate cha kushika mkononi.

Alitandaza madodoso ya miezi mitatu sakafuni. Miandiko ilikuwa miwili, wake wa kukimbilia na ule mwingine mzuri, uliosimama wima. Akazitoa nyumba kumi na moja zilizokwisha kuvamiwa. Zote kumi na moja zilikuwa kwa mwandiko mzuri. Akatafuta hata moja yenye mwandiko wake mwenyewe. Hakuna. Mwisho akatafuta walinzi wawili, wanalala mchana, mama mzazi hutoka kwenda sokoni saa sita. Akaipata. Kwenye kisanduku cha namba ya nyumba, mahali pa kumi na saba, mdogo wake alikuwa ameandika sabini na moja, tarakimu mbili safi kabisa.

Fundi saa alikuwa amekatwa vidole kimoja baada ya kingine kwa sababu ya kosa la kunakili. Mama Dodoso alijiziba mdomo kwa kitambaa chake cha kichwa ili wasimsikie ukumbini.

Jumamosi baada ya chakula, mama yake akiwa amejinyoosha chumbani, kinyozi aliketi mezani kama kawaida, rula mkono mmoja, kalamu mkono mwingine. Mama Dodoso alikuwa anaosha vyombo. Alikuwa amekusudia kusema, na kila sahani aliyoisuuza alijiambia hii ikiisha nasema.

"Dada," kinyozi aliita, bila kuinua kichwa.

"Naam."

"Ile nyumba ya walinzi wawili, wale wanaolala mchana. Ni kumi na saba au sabini na moja? Naona kama nilichanganya."

Alimuuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza kama chai imetiwa sukari. Mama Dodoso alikausha mikono polepole. Akamtazama kisogo, ambacho alikuwa amekibeba mgongoni miaka thelathini nyuma, na alimwogopa, na alimpenda, kwa wakati mmoja. Akisema kumi na saba, wale vijana wamekufa. Akisema sijui, atakwenda mwenyewe kuchungulia milango. Akimfokea, atakimbilia kwa wenzake, wajipange upya. Ndivyo alivyosema Profesa, na Mama Dodoso alikuwa amekaa na wasomi muda mrefu mpaka akawa anafikiri kama wao.

"Arobaini na mbili," alisema.

"Arobaini na mbili? Mbona mbali hivyo?"

"Wamehama wiki hii. Ile nyumba ya pembeni, karibu na kisima."

Nyumba ile wenyewe walikuwa wamekimbia mwezi mzima nyuma. Ilikuwa tupu.

"Ahsante, dada. Ningeharibu kazi ya watu." Akaandika.

Mama Dodoso alisogea akasimama nyuma ya kiti cha mdogo wake. "Bado unamwota mkeo?"

Kalamu ilitulia. "Siyo kuota. Nikiwa macho hivi hivi namsikia anagonga. Anagonga, mlango hawaachii." Akageuka, macho makavu. "Waliokuwa wanaushika mlango nao wana nyumba, dada. Wana mama zao. Wanalala, wanaamka."

"Fundi saa hakushika mlango wa mtu."

Ndipo kila mmoja alipojua kwamba mwenzake anajua, au ndivyo Mama Dodoso alivyohisi. Kinyozi alirudi kwenye karatasi yake. "Wengine wanakufa kwa makosa," alisema. "Hata mke wangu alikufa kwa makosa. Alikosea nini?"

Jumatatu asubuhi Mama Dodoso aliingia ofisini kwa Mkuu, akafunga mlango nyuma yake, akasema yote, kuanzia mkoba hadi namba arobaini na mbili. Mkuu hakumkemea. Alimsogezea glasi ya maji, akapiga simu, akaja Kapteni, mtu mrefu mwenye viatu vinavyong'aa.

"Wakamatwe," Mama Dodoso alimwambia. "Wafungwe hata miaka mia. Lakini wakamatwe. Nipe neno lako."

"Nimekupa, mama."

"Mmoja wao ni wangu."

"Nimekuelewa, mama yangu. Nimekupa."

Jumanne saa saba na nusu mchana alikuwa ghorofa ya tatu, dirisha likiwa wazi. Askari walikuwa wamejificha ndani ya arobaini na mbili tangu usiku. Mlio wa kwanza ulisikika peke yake. Kisha ikafuata mingi kwa mkupuo, kama mbegu kwenye kikaango cha moto, halafu kimya. Alihesabu mpaka thelathini na sita, maana mkono wake ulikuwa umezoea kuhesabu hata pale moyo ulipokataa.

Kapteni alikuja kutoa taarifa akiwa na vumbi kwenye viatu. Wamekufa wote watano. Hakuna askari aliyeumia. Alieleza kila kitu kwa utaratibu mzuri. Inaelekea baada ya kosa la sabini na moja wale wengine walikuwa hawaiamini tena karatasi, kwa hiyo safari hii walimtanguliza mnakili wao, agonge mwenyewe, aonekane sura mwenyewe, alipe yeye kama amewadanganya. Hata kitambaa cha uso walimnyima.

"Uliniahidi," Mama Dodoso alisema.

"Waliinua mapanga, mama."

"Wote?"

"Wa mbele aliinua mkono."

"Mkono wenye panga?"

Kapteni alitazama viatu vyake. Panga lilikuwa mkono wa kushoto, limening'inia chini. Wa kulia aliuinua kugonga mlango, na risasi zilipita kwenye ubao kabla kidole hakijagusa. Za kifua zilikuwa tisa. Za uso zilikuwa mbili, na ya pili ilikuwa imeondoa taya.

Hapo ndipo Profesa, kwenye meza ya pili, alipoinua kichwa kutoka kwenye mashine yake. Hakuwa amesikiliza. "Siielewi hii," alisema, amekunja uso. "Mimi nilikuwa naisubiri kumi na saba. Arobaini na mbili imetokea wapi? Tumeshuka mpaka asilimia themanini na tano."

Mama Dodoso alishika kitu cha kwanza kilichomjia mkononi, chuma cha kutobolea karatasi, akamrushia kwa nguvu zake zote. Kilimpata mdomoni. Profesa aliteleza na kiti chake mpaka ukutani, akatema meno mawili kwenye kiganja, akayatazama kama mtu anayetafuta yameingiaje kwenye hesabu. Mama Dodoso alikuwa ameshamfikia, amemkaba shati, anampiga ngumi za kichwani, na aliyekuja kumbandua alikuwa Mtaalamu wa Jamii, kikohozi chake na yote, akimkumbatia kwa nyuma na kumwambia basi, mwenzangu, basi. Mkuu alisema aachwe aende zake.

Alivuka reli kwa miguu. Nyumbani, mama yake alikuwa ameketi kitandani, fimbo yake mapajani. Milio alikuwa ameisikia, kama mtaa mzima.

"Mama. Mdogo wangu amekufa."

Mama yake alifumba macho, akayafumbua. "Nani kamuua?"

Angeweza kusema wanajeshi. Angeweza kusema watu wa juu ya reli, na mtaa mzima ungemwamini na kumletea pole mpaka mwisho wa mwaka. Alipiga magoti sakafuni. "Mimi," alisema, akamweleza yote, hata mwandiko, hata namba, hata neno la Kapteni, na hakujitetea.

Mama yake alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainua fimbo akampiga. Alimpiga begani, akampiga mkononi, akampiga sikioni mpaka sikio likachanika, na kila pigo lilitoka na sauti ambayo haikuwa neno. Mama Dodoso hakujikinga. Alitamani fimbo isikome. Ilikoma kwa sababu mikono ya mama ilichoka.

"Ulijua tangu Ijumaa," mama alisema, akihema.

"Ijumaa, mama."

"Jumapili alinikata kucha za miguu. Hapo hapo ulipopiga magoti. Akanifanyia mzaha kuhusu kucha zangu."

"Ndiyo, mama."

"Ukaenda kumwambia mkubwa wako. Ukamwambia na mwanajeshi, mtu humjui kwao wala ukoo. Mimi hukuniambia."

Mama Dodoso alibaki amepiga magoti.

"Ungeniambia mimi. Ningekokota miguu yangu nikalala pale mlangoni, nikamwambia haya, pita, anza na mimi." Mama yake alionyesha kizingiti kwa fimbo. "Asingepita. Mwanangu yule asingenikanyaga. Angekaa chini akalia, na tungekuwa naye mpaka sasa."

Ilikuwa kweli. Mama Dodoso aliijua kweli hiyo papo hapo, nzima nzima, wala haikuhitaji mashahidi. Siku nne alikuwa amepima kila njia, mbaya na mbaya zaidi, na hii haikumpitia akilini hata mara moja. Damu ya sikio ilikuwa imemchuruzika hadi kwenye kola, na mama yake akamwambia aende akaoge kabla majirani hawajaingia.